Orodha ya huduma za mji mdogo: itungwe vipi, na nani aitunze?

Swali: Mjumbe wa kamati ya wakazi

Wanajukwaa wenzangu, salamu kwenu nyote.

Kamati ya wakazi wa mji wetu imenikabidhi kazi ya kuandaa mwongozo wa huduma, yaani orodha itakayomwezesha mkazi yeyote kujua aende wapi anapohitaji matibabu, maji, umeme, vyeti, msaada wa kisheria, polisi, zimamoto, usafiri na mengineyo ya aina hiyo. Mji wenyewe ni mdogo, na baadhi ya wajumbe wanaona kwamba kazi hii haina haja kwa kuwa hapa watu wanafahamiana. Mimi siafikiani nao. Anayefahamu kila kitu ni mwenyeji aliyekaa miaka mingi na mwenye miguu ya kuzunguka. Mgeni aliyehamia juzi hafahamu, mjane ambaye mambo ya ofisini yalikuwa yakishughulikiwa na marehemu mumewe hafahamu, wala hafahamu mlezi aliyeachiwa mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Hao ndio ninaowafikiria ninapoandika, na kwao kuulizia njiani ni jambo gumu, kwa sababu mara nyingine shida yenyewe ni ya aibu au ya siri.

Kabla ya kuanza niliusoma ubao wetu wa matangazo wote, karatasi kwa karatasi. Tangazo la chanjo ya watoto limeandikwa siku na mwezi bila mwaka, kwa hiyo anayelisoma hawezi kujua kama siku hiyo imekwisha kupita au inakuja. Juu ya namba ya dharura ya umeme pamebandikwa bango la mwalimu wa masomo ya ziada, likaziba tarakimu za mwisho. Ratiba ya maji imepauka kwa jua hata maandishi hayasomeki. Sidhani kuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alibandika lake akaenda zake, na hakuna aliyepewa jukumu la kubandua.

Naomba ushauri wenu. Ni mambo gani hasa yaingie katika mwongozo, na yapi yaachwe? Je, uwe kijitabu, ubao, tovuti, au ujumbe wa simu, hali ya kuwa baadhi ya wakazi wana simu janja, wengine wana simu za kitochi, na wengine hawana simu kabisa? Na la mwisho, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi: nani atautunza baada ya siku ya uzinduzi kupita na picha kupigwa?

Jibu la kwanza: Mkutubi

Ndugu Mjumbe, nafanya kazi katika maktaba ya umma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ya kila siku si kuazimisha vitabu bali ni kujibu watu wanaouliza waende wapi. Nitaanza na hilo swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linaloamua mengine yote.

Orodha ya huduma huanza kuchakaa siku ileile inapochapwa. Mhudumu huhamishwa, ofisi hubadilisha saa za kazi, namba ya simu hufungwa, kliniki ya Jumanne huhamia Alhamisi. Orodha isiyohakikiwa ni hatari kuliko kutokuwa na orodha kabisa, maana asiye na orodha atauliza, lakini mwenye orodha ataiamini, atafunga safari, na atakuta mlango umefungwa. Akikuta hivyo mara moja au mbili, hataigusa tena hata pale iliposema kweli. Kwa hiyo nashauri kila ingizo liwe na mambo mawili ambayo waandaaji wengi huyasahau: tarehe lilipohakikiwa kwa mara ya mwisho, na cheo cha mtu anayewajibika kulihakiki. Nimesema cheo, si jina, kwa sababu mtu huondoka na cheo hubaki. Tarehe hiyo ichapwe mahali msomaji anapoiona. Isifichwe katika daftari la kamati. Mkazi ana haki ya kujua kama anachokisoma kilithibitishwa mwezi uliopita au miaka miwili iliyopita.

Kuhusu yanayopaswa kuingia, usianze na orodha ya ofisi. Anza na maswali ya watu. Mkazi hatafuti jina la idara. Yeye anataka kujua afanye nini kitambulisho chake kikipotea, amwone nani mwenye nyumba akimtolea vitu nje, apeleke wapi taarifa ya bomba lililopasuka. Waombe watu wanaokaa kwenye madawati ya mapokezi, wa zahanati, wa ofisi ya serikali ya mtaa, wa shule, wa kituo cha polisi, waandike kwa muda fulani kila swali wanaloulizwa ambalo si la kwao, yaani yale maswali ambayo wao hulazimika kumwambia mtu "hapa sipo, nenda kwingine". Hayo ndiyo yanayoonyesha mahali watu wanapopotea, na ndiyo uti wa mgongo wa mwongozo wako.

Katika kila huduma, eleza inamhusu nani, inapatikana siku zipi na saa ngapi, kama ni ya bure au inalipiwa, mahali ilipo kwa kutaja alama ambayo haihami, na namba ya simu. Kisha lipo jambo ambalo kwa uzoefu wangu huachwa kuliko yote, nalo ndilo linalowatesa watu kuliko yote: mtu aje na nini. Mtu anayefuata cheti, akapanga foleni tangu asubuhi, akafika dirishani akaambiwa alipaswa kuleta nakala mbili za kitambulisho na barua ya utambulisho, huwa amepoteza siku nzima ya kazi kwa kukosa sentensi moja. Sentensi hiyo iandikwe. Iandikwe kwa lugha ya kawaida, si kwa kunakili maneno ya fomu.

Kazi ya namna hii ina historia, na historia yake inafundisha. Nchini Uingereza, vituo vya ushauri kwa raia vilifunguliwa kwa mamia mnamo Septemba 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, kwa kuwa watu wa kawaida walikuwa na matatizo ya madeni, makazi na jamaa waliopotezana, na hawakujua mlango wa kubisha. Huko Atlanta, Marekani, mwaka 1997 ilianzishwa namba ya simu 211 kwa ajili ya kuwaelekeza watu kwenye huduma za jamii, na mwaka 2000 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ikaitenga namba hiyo kwa matumizi hayo nchi nzima. Tunaloweza kujifunza hapo ni kwamba nyuma ya simu hizo wapo watu ambao kazi yao ni kuhakiki kumbukumbu, si kupokea simu tu. Mji mdogo hauwezi kuajiri watu hao, lakini unaweza kugawa kazi: mtu mmoja akipewa maingizo kumi, anaweza kuyapigia simu yote katika asubuhi moja kila baada ya miezi mitatu.

Na anapopiga, asijitambulishe kama mjumbe wa kamati. Aulize kama mkazi anavyouliza. Jibu atakalopewa mjumbe ni lile lililoandikwa kwenye kanuni, na jibu atakalopewa mkazi ndilo huduma yenyewe.

Jibu la pili: Muuguzi

Namuunga mkono Mkutubi, na ningependa kuongeza mambo ya upande wa afya, kwa sababu huko taarifa pungufu inaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Chukueni mfano wa mtu aliyeng'atwa na mbwa. Jambo la kwanza ni kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na la pili ni kufika mahali penye chanjo ya kichaa cha mbwa bila kuchelewa, kwa maana dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu kila mara huishia kwenye kifo. Chanjo yenyewe hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku tofauti, kwa hiyo mgonjwa lazima arudi. Sasa tazameni jinsi miongozo mingi ilivyoandikwa: "Zahanati, matibabu ya kawaida, saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri." Je, mzazi mwenye mtoto aliyeng'atwa saa kumi na moja jioni atajua nini kutokana na maneno hayo? Zahanati nyingi hazina chanjo hiyo muda wote, na hata kituo kikubwa huweza kuishiwa. Mwongozo mzuri ungeeleza namna ya kuosha jeraha, ungetaja kituo ambacho kwa kawaida hutunza chanjo, ungetoa namba ya kupiga kabla ya kuondoka nyumbani, na ungemwonya msomaji kwamba kituo kuwa wazi si sawa na dawa kuwepo.

Hayo ninayosema juu ya kichaa cha mbwa yanahusu pia kuumwa na nyoka, uzazi wa usiku na damu ya kuongezewa. Msiorodheshe majengo. Orodhesheni kile ambacho mtu atakipata akifika, na saa ambazo atakipata.

Lipo jambo jingine ambalo naomba kamati ilitafakari kabla ya kuchapa chochote. Si kila huduma inapaswa kuandikiwa mahali ilipo. Nyumba salama zinazowahifadhi wanawake na watoto waliokimbia ukatili haziwi salama tena pindi anwani yake inapojulikana, kwa sababu anayemsaka mhanga naye anasoma ubao uleule. Hapo iandikwe namba ya simu peke yake, na atakayepokea ndiye aelekeze. Zaidi ya hapo, fikirini mahali pa kuiweka namba hiyo. Mwanamke anayeishi kwa hofu hataonekana akinakili namba kutoka kwenye ubao ulio katikati ya soko, wala hatabeba nyumbani kijitabu kilichofunuliwa kwenye ukurasa huo. Ndani ya mlango wa choo cha wanawake katika zahanati ndipo panapofaa, maana hapo mtu huwa peke yake, na karatasi ikatwe vipande vidogo upande wa chini, kila kipande kikiwa na namba tu bila maelezo, ili aweze kuchana kimoja na kukiweka mfukoni. Nimeona vipande hivyo vikiisha bila mtu yeyote kuonekana akivichukua.

Namba binafsi za wahudumu zisiandikwe kabisa, hata kama wenyewe wameridhia kwa ukarimu. Leo ameridhia, kesho amehamishwa, na watu wataendelea kumpigia usiku akiwa mji mwingine, hali mgonjwa anapoteza muda.

Jibu la tatu: Mtangazaji wa redio ya jamii

Ndugu Mjumbe, nakuomba utenganishe vitu viwili ambavyo katika swali lako vimechanganyika: mwongozo wa huduma na tangazo la dharura. Mwongozo ni wa kutafutwa na mkazi anapouhitaji. Tangazo la dharura ndilo linalopaswa kumtafuta mkazi mahali popote alipo, hata kama amelala. Kila kimoja kina njia zake, na mji ukitumia njia moja kwa vyote viwili, la haraka litazama ndani ya la kawaida.

Namba ya dharura 999 ya London ilizaliwa kutokana na mchanganyiko wa aina hiyo. Mnamo Novemba 1935 nyumba ilishika moto katika mtaa wa Wimpole, na wanawake watano wakafariki. Jirani aliyejaribu kuwapigia zimamoto aliwekwa kwenye foleni ya simu pamoja na watu waliokuwa wakipiga kwa shughuli zao za kawaida, akaandika barua ya malalamiko katika gazeti la The Times, na uchunguzi uliofuata ukaleta namba maalumu iliyoanza kufanya kazi tarehe 30 Juni 1937. Kwa hiyo, juu kabisa ya kila ukurasa na kila ubao ziwekwe namba za dharura za nchi husika, zisichanganywe na namba ya kuulizia ratiba ya maji.

Kuhusu namna ya kuliandika tangazo lenyewe, nitatoa mfano wa maji, kwa kuwa ndilo tangazo ninaloletewa likiwa na upungufu kuliko yote. Huletwa hivi: "Wakazi mnatangaziwa kuwa maji si salama, chukueni tahadhari." Tahadhari gani? Msikilizaji anahitaji kujua ni maeneo yapi yanayohusika, tatizo limeanza lini, afanye nini, aendelee kufanya hivyo mpaka lini, na ni nani aliyetoa taarifa. Kama tatizo ni vijidudu, aambiwe achemshe maji mpaka yatokote kwa dakika 1 kamili, na kwenye miinuko inayozidi mita 2,000 kwa dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Aambiwe pia kwamba maji ya kusukutulia meno na ya kuoshea matunda ni ya kunywa vilevile. Lakini kama kilichoingia ni mafuta au viuatilifu, kuchemsha hakusaidii kitu, na anayetangaza "chemsheni" kwa mazoea atakuwa amewanywesha watu sumu wakiwa na imani kwamba wako salama. Ndiyo maana mtangazaji anapaswa kukataa kusoma tangazo ambalo halijasema chanzo cha tatizo, hata akisukumwa namna gani.

Tangazo la kufuta tangazo ni la lazima pia. Redio nyingi hutangaza kwamba daraja limefungwa na hazitangazi kwamba limefunguliwa, na matokeo yake wenye magari huendelea kuzunguka mbali kwa wiki nzima bila sababu.

Kwa ujumbe mfupi wa simu, ambao unafika hata kwenye kitochi, zingatieni jambo dogo la kiufundi. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, na Kiswahili kina bahati kwa kuwa herufi zake zote zimo katika seti ya msingi ya simu, yaani orodha ya herufi na alama ambazo ujumbe wa kawaida hutumia. Tatizo hutokea kwenye ritifaa, ile alama ndogo inayofuata "ng". Mtu akiandika "ng'ombe" au "king'ora" kwenye kompyuta, programu mara nyingi huigeuza ritifaa iliyonyooka ikawa ile iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo katika seti hiyo. Alama hiyo moja inatosha kuushusha ujumbe mzima kutoka herufi 160 hadi 70, hivyo ujumbe mliodhani ni mmoja unakatwa vipande vitatu, mnalipishwa mara tatu, na kwenye mtandao ulioelemewa kipande cha kwanza kinaweza kumfikia mtu nyuma ya cha mwisho. Andikeni matangazo ya ujumbe mfupi kwenye simu yenyewe au kwenye programu isiyopamba alama, na ya dharura myaandae mapema yakiwa na nafasi za kujaza mahali na saa tu.

Upo pia utangazaji unaopitia minara ya simu moja kwa moja, ambao hauhitaji orodha ya namba za watu: mnara hutoa ujumbe mara moja, na kila simu inayoweza kupokea matangazo hayo, ikiwa ndani ya eneo la mnara, huupokea hata wakati laini zimejaa. Huo haupo mikononi mwa kamati ya wakazi, bali hutolewa na mamlaka ya nchi pamoja na kampuni za simu, lakini inafaa kamati iulize ni ofisi gani inayoweza kuuomba kwa niaba ya mji wenu, na iulize kabla ya mafuriko, si siku ya mafuriko.

Jibu la nne: Mtaalamu wa programu

Heshima kwenu wote mliotangulia. Nimesoma hoja za ubao na redio nikiwa na nia ya kupendekeza tovuti, na bado naipendekeza, ila kwa namna tofauti kidogo na inavyofikiriwa. Tovuti isiwe mahali pengine pa kuandika mambo yaleyale. Iwe ndiyo chanzo kimoja ambacho mengine yote hutolewa. Kamati ikiwa na jedwali moja tu, mstari mmoja kwa huduma moja, pamoja na safu ya tarehe ya kuhakikiwa aliyoitaja Mkutubi, basi kutoka kwenye jedwali hilo hutolewa ukurasa wa tovuti, karatasi ya ubaoni, kijitabu cha wasio na simu, na maandishi ya kusomwa redioni. Namba ya simu ikibadilika, inabadilishwa mahali pamoja. Miji mingi huharibikiwa pale ambapo kijitabu kina namba moja, ubao una nyingine, na ukurasa wa mtandaoni una ya tatu, na hakuna anayejua ipi ni sahihi.

Jedwali hilo halihitaji programu ya gharama wala mtaalamu wa kudumu. Jedwali la kawaida la ofisini linatosha kabisa kwa mji mdogo, na faida yake ni kwamba mrithi wa kazi ataweza kulifungua. Nimeona mifumo mizuri sana ikifa kwa sababu aliyeitengeneza alihama na nywila yake. Nywila zitunzwe na ofisi, zifahamike kwa watu wasiopungua wawili.

Kwa upande wa ramani, OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004, inaruhusu mtu yeyote kuchora mji wake na kuitumia ramani hiyo bure. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora mitaa yao wenyewe, wakaonyesha visima, zahanati, vyoo na shule katika eneo ambalo kwenye ramani za mtandaoni lilikuwa karibu tupu. Mji wenu unaweza kufanya hivyo hivyo, na wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri wakielekezwa. Tahadhari ya Muuguzi kuhusu nyumba salama iheshimiwe hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kilichowekwa kwenye ramani ya wazi hunakiliwa kwingine, na kukifuta baadaye hakukiondoi kote.

Kuhusu makundi ya WhatsApp, msitumie kundi la mazungumzo kama ubao. Ujumbe wa maji kukatika ukiwekwa saa moja asubuhi, kufikia saa nne umefunikwa na salamu, pole na mijadala. Fungueni kundi la matangazo ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoandika, na kila tangazo lianze na tarehe kamili yenye mwaka ndani ya maandishi yenyewe, kwa kuwa ujumbe ukisambazwa kwa mtu mwingine hauendi na tarehe ulipoandikwa mara ya kwanza. Uvumi mwingi wa miji midogo si uongo wa kutunga. Ni tangazo la kweli la mwaka juzi lililofufuka.

Mjumbe wa kamati ya wakazi

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimeanza kuandaa jedwali, na nimeyapeleka maombi ya kuandika maswali kwenye madawati ya mapokezi, ambako yamepokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Yamebaki mambo mawili ambayo wajumbe hawajakubaliana. La kwanza ni biashara binafsi: maduka ya dawa, mafundi bomba, mafundi umeme, wenye magari ya kukodi. Wapo wanaosema ni huduma kama nyingine, na wapo wanaohofia kwamba tutashutumiwa kwa upendeleo. La pili ni ingizo ambalo muda wake wa kuhakikiwa umepita na simu haipokelewi. Tuliondoe, au tuliache?

Mkutubi

Kuhusu biashara binafsi, naona tofauti iwekwe kwenye kigezo, si kwenye aina ya biashara. Kamati iandike kigezo kinachoweza kupimwa na mtu yeyote, kwa mfano kwamba duka la dawa liwe na kibali kilicho hai, au fundi umeme awe na leseni inayotambuliwa na mamlaka husika, kisha kila anayetimiza kigezo aingizwe bila malipo, kwa mpangilio wa alfabeti, bila neno la sifa. Anayekataliwa aonyeshwe kigezo alichokosa, kwa maandishi. Pale ambapo hakuna leseni wala kibali cha kupimia, ni afadhali aina hiyo ya biashara isiingie kabisa katika mwongozo, ikaachiwa sehemu ya matangazo ya kulipia kwenye ubao, ambayo itengwe kwa mstari unaoonekana na iwe na tarehe ya kubanduliwa. Mapato ya sehemu hiyo yanaweza kulipia karatasi na ujumbe wa simu, na kwa namna hiyo hata yule mwalimu wa masomo ya ziada atapata mahali pake bila kuziba namba ya umeme.

Kwa ingizo lisilohakikiwa, maoni yangu ni kwamba libaki, likiwa na alama iliyo wazi ya "halijathibitishwa tangu" na tarehe. Katika mji mdogo huduma ni chache, na kuiondoa moja kwa sababu simu haikupokelewa kunaweza kumnyima mtu njia pekee aliyokuwa nayo. Mkazi akiwekewa onyo anaweza kuamua mwenyewe.

Muuguzi

Hapo, Mkutubi, kwa heshima zote, natofautiana nawe. Mtu aliye katika utulivu anaweza kusoma alama ya onyo akapima. Mtu aliyembeba mtoto anayetetemeka kwa degedege hasomi alama. Anasoma namba na jina la mahali, basi. Kila ingizo la huduma ya haraka ya afya, ya moto, au ya usalama lisilothibitishwa kwa wakati wake liondolewe siku hiyohiyo, na mahali pake paandikwe namba ya dharura ya jumla, ambayo angalau itapokelewa na mtu. Uhakiki wa maingizo hayo usingoje miezi mitatu; ufanyike kila mwezi, na mara moja moja ufanyike usiku, kwa kuwa namba inayopokelewa saa nne asubuhi si lazima ipokelewe saa nane za usiku.

Mkutubi

Nimekubali, Muuguzi. Maingizo ya haraka yafuate utaratibu wako, na yale ya vyeti, leseni, maktaba na mengineyo yanayoweza kungoja yafuate wangu. Ndugu Mjumbe, katika jedwali lako ongeza safu moja itakayoonyesha ingizo ni la kundi lipi, ili mhakiki asilazimike kukisia, na karatasi ya ubaoni ichapwe kwa herufi kubwa, maingizo ya kundi la haraka yakiwa kwenye kimo ambacho mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu anaweza kuyasoma.